Udongo Uliotiwa Sumu, na Namna ya Kuizuia Sumu Isitembee

Ardhi ni kitu tunachokikanyaga kila siku bila ya kukifikiri. Juu yake twajenga, ndani yake twapanda, na ndani yake twazikwa. Muislamu akikosa maji huupigia udongo viganja vyake akatayamamu, kwa kuwa asili ya udongo ni tohara. Na tangu udogo tumefunzwa namna ya kuondosha najisi: maji hupitishwa mpaka rangi, harufu na ladha yake ziondoke, na mahali pale pakarudi kuwa kama palivyokuwa. Kwa ajili ya mazoea haya wengi wetu twadhani kwamba kila uchafu wa ardhini una dawa ya namna hiyo: mvua ya masika inyeshe, jua liwake siku chache, na mambo yamekwisha.

Lakini uko uchafu mwingine usiofuata kanuni hii. Jicho haliuoni na pua hainusi harufu yake, na mtu aweza kuukalia miaka ishirini asijue. Huu ni uchafu wa madini mazito: risasi, kadimiamu, zebaki, aseniki na yaliyo kama hayo. Kinyesi cha mnyama huoza kikawa mbolea. Mafuta yaliyomwagika huliwa kidogo kidogo na vijidudu vya ardhini. Hata dawa nyingi za wadudu huvunjika zikaisha nguvu. Risasi haiozi wala haivunjiki. Iliyoanguka uani mwaka huu, wajukuu wetu wataikuta pale pale, isipokuwa kama imechukuliwa na maji, au upepo, au mkono wa mtoto.

Basi mwenye nyumba afanye nini? Ahame aliporithi kwa wazee wake? Au auchimbe ua wote akautupe, na akiutupa, autupe kwa nani? Katika makala haya twataka kueleza njia nyingine, ambayo wataalamu wa udongo wameishughulikia kwa miaka mingi. Njia hiyo ni kuifunga sumu pale pale ilipo, kwa kuutia udongo vitu ambavyo vingi katika hivyo twavijua majumbani na mashambani mwetu. Na twataka kueleza vilevile mpaka wa njia hiyo, kwani katika mambo ya sumu, nusu ya elimu ni hatari kuliko ujinga.

YALIYOTOKEA OWINO UHURU NA FUNZO LAKE

Msomaji asidhani kwamba haya ni mambo ya nchi za mbali. Mombasa, upande wa Mikindani, uko mtaa uitwao Owino Uhuru, wenye wakazi wapatao 3,000. Mwaka 2007 kilianza kazi hapo, jirani kabisa na nyumba za watu, kiwanda cha kuyeyusha betri chakavu za magari ili kupata risasi. Moshi wake ulitua juu ya mapaa ya mabati na katika nyua, na maji yake machafu yakapita katikati ya makazi. Bibi Phyllis Omido alikuwa mfanyakazi wa kiwanda hicho. Mtoto wake mchanga, aliyekuwa akinyonya, akaugua. Na damu yake ilipopimwa ikaonekana ina risasi nyingi. Mama huyo akaiacha kazi, akashirikiana na majirani kudai kiwanda kifungwe. Kikafungwa mwaka 2014, na mwaka 2015 yeye akapewa Tuzo ya Mazingira ya Goldman.

Julai 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Mombasa iliamua wakazi walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya, na mtaa usafishwe. Kesi ikapanda kutoka mahakama hii hadi ile, mpaka Desemba 2024 Mahakama ya Juu ya Kenya ikaithibitisha fidia hiyo.

Twaomba msomaji aitazame miaka hiyo. Tanuri lilizimwa 2014, na neno la mwisho la mahakama lilitoka 2024. Kwa miaka kumi moshi haukuwapo tena, lakini mtoto aliyezaliwa baada ya kiwanda kufungwa alitambaa juu ya ardhi ile ile. Hiyo ndiyo tofauti baina ya moshi na udongo. Moshi hukoma siku moto unapozimwa. Udongo huiweka kumbukumbu ya moto ule kizazi baada ya kizazi. Ndiyo maana haitoshi kuuliza, "Kiwanda kimefungwa?" Yapasa kuuliza pia, "Ardhi imefanywa nini?"

SUMU HUPITA WAPI MPAKA IKAFIKA DAMUNI

Risasi iliyomo ardhini haimdhuru mtu kwa kuwamo tu. Humdhuru inapoingia mwilini, na milango yake ni michache. Mlango wa kwanza na mkubwa ni mkono wa mtoto. Mtoto hucheza mchangani, kisha hutia vidole kinywani mara nyingi kwa siku. Mlango wa pili ni vumbi, linaloingia ndani kwa upepo na kwa nyayo za viatu, likatua juu ya mikeka na vyakula. Wa tatu ni mboga, hasa zile za majani na za mizizi. Wa nne ni maji ya kisima, pale udongo ulipo mchachu na wa mchanga.

Uko mlango wa tano ambao kwetu haufai kunyamaziwa. Wanawake wengi wajawazito hupenda kula udongo, na vipande vyake huuzwa sokoni hadharani. Mama asiyejua udongo ule umechimbwa wapi hajui anamlisha nini mtoto aliye tumboni, kwa kuwa risasi huvuka kutoka damu ya mama kwenda kwa kiumbe chake. Na risasi aliyoila mama alipokuwa msichana hukaa katika mifupa yake miaka mingi. Akishika mimba, mifupa ikitoa chokaa yake kwa ajili ya mtoto, risasi nayo hutoka pamoja nayo.

Mtu mzima akimeza risasi, mwili wake huchukua kadiri ya sehemu moja katika kumi. Mtoto mdogo aweza kuchukua karibu nusu. Tena mwenye njaa huchukua zaidi kuliko aliyeshiba, na mwenye upungufu wa chuma na chokaa mwilini huchukua zaidi kuliko mwenye navyo. Kwa hiyo sumu hii humwonea maskini kuliko tajiri, na mtoto kuliko baba yake. Hupunguza akili na usikivu wa mtoto, humdumaza, humpunguzia damu. Na kwa watu wazima huharibu figo na kupandisha shinikizo la damu. Shirika la Afya Duniani lasema wazi kwamba hakuna kiwango cha risasi damuni kinachojulikana kuwa salama.

Sasa tufike kwenye jambo ambalo makala haya yote yamejengwa juu yake. Risasi iliyomo ardhini ni ya namna mbili. Ipo iliyoshikamana na chembe za udongo, au iliyofungika ndani ya kijiwe kigumu, hiyo imelala. Na ipo iliyoyeyuka katika maji ya ardhini, au iliyo tayari kuyeyuka mara ikutanapo na uchachu wa tumbo, hiyo inatembea. Mizizi huinywa ile inayotembea. Kisima huchafuliwa na ile inayotembea. Tumbo la mtoto huiyeyusha ile isiyofungika vizuri. Nyua mbili zaweza kuwa na risasi sawasawa kwa kipimo, na mmoja ukawa na hatari kubwa kuliko wa pili. Kazi ya kuutengeneza udongo ni hii: kuifanya ile inayotembea ilale, na ile iliyolala isiamke.

CHOKAA

Dawa ya kwanza ni ya kale, nayo ni chokaa. Wataalamu huupima uchachu wa udongo kwa hesabu inayoanzia 0 mpaka 14. 7 ni katikati, na kila hesabu inaposhuka chini ya hapo uchachu huzidi. Katika udongo mchachu, risasi, zinki na hasa kadimiamu huachiliwa na chembe za udongo zikaingia katika maji. Sababu yake si ngumu. Chembe za udongo wa mfinyanzi na za mboji zina nguvu ya kuvuta, mfano wa sumaku, na madini haya huvutwa nazo. Uchachu ukizidi, asidi hushindana na madini juu ya nafasi zile, ikayasukuma nje. Tukitia chokaa, uchachu hupungua, nafasi hufunguka, na madini hurudi kushikwa.

Mkulima anayetaka kuilaza kadimiamu au risasi hujaribu kuufikisha udongo wake karibu na 6.5 au 7. Lakini asitie chokaa kwa kukisia. Sehemu nyingi za pwani yetu zimekaa juu ya mawe ya matumbawe, ambayo yenyewe ni chokaa, na udongo wake hauna uchachu. Kuuongeza chokaa hapo ni kupoteza mali. Udongo mwekundu na wa kichanga wa bara, ulionyeshewa sana, ndio huwa mchachu. Tena chokaa haidumu milele. Mvua, mbolea za chumvichumvi na mazao yenyewe huurudisha uchachu polepole, na sumu ikaanza kutembea tena. Mwenye kutia chokaa lazima apime tena baada ya miaka michache.

MIFUPA NA FOSFATI

Dawa ya pili huifaa risasi kuliko madini mengine, nayo ni fosfati. Fosfati ndiyo inayoipa mifupa ugumu wake. Risasi ikikutana na fosfati penye maji na chumvi kidogo, huungana nayo ikawa kijiwe kidogo kiitwacho piromofiti. Kijiwe hiki ni miongoni mwa mawe ya risasi yasiyoyeyuka kabisa kwa urahisi. Hata uchachu wa tumbo hukipata kwa taabu. Maana yake ni kwamba mtoto akimeza udongo ule, sehemu kubwa zaidi ya risasi hupita tumboni ikatoka bila ya kuingia damuni.

Fosfati hupatikana kwa njia nyingi. Ipo katika mbolea za dukani. Ipo katika mawe ya fosfati, kama yale ya Minjingu, karibu na Ziwa Manyara, Tanzania, ambayo asili yake ni mabaki ya ndege na samaki wa ziwa la kale. Na ipo katika unga wa mifupa. Kila Idi ya kuchinja, kila walima na kila hitima, mifupa mingi hutupwa jaani ikawa karamu ya mbwa na mainzi. Mifupa hiyo ikichemshwa ikatoka mafuta, ikakaushwa vizuri na kusagwa, ni mbolea njema kwa shamba lolote, na katika udongo wenye risasi ni zaidi ya mbolea.

Hatusemi haya kwa kubahatisha. Mwaka 2011, katika mtaa wa South Prescott, mjini Oakland, Marekani, idara ya serikali ya kulinda mazingira ilichanganya unga wa mifupa ya samaki katika nyua za watu zilizokuwa zimechafuliwa na risasi. Mifupa hiyo ilikuwa ya samaki wa Alaska, mabaki ya viwanda vya minofu. Baada ya kuichanganya waliufunika udongo kwa udongo mwingine safi, wakapanda majani juu yake. Msomaji aikumbuke hiyo hatua ya mwisho, kwani tutairudia.

Kabla ya hapo, mwaka 1997, katika mji wa Joplin, jimbo la Missouri, uliokuwa na kazi ya kuyeyusha risasi, udongo ulijaribiwa kwa asidi ya fosfati kisha chokaa. Wataalamu hawakuridhika na vipimo vya chupani. Waliwapa udongo ule wanyama wenye tumbo linalokaribiana na la mtoto, na hata watu wazima waliojitolea wakameza kiasi kidogo, kisha damu ikapimwa. Risasi iliyoingia damuni ilipungua kwa kiasi kikubwa kuliko ile ya udongo usiotengenezwa. Lakini haikufika sifuri. Yote mawili ni kweli, na mwenye kueleza moja akaficha la pili amewadanganya watu.

MBOJI, MAKAA NA KUTU

Dawa ya tatu ni mboji iliyoiva: majani, samadi na takataka za jikoni zilizooza pamoja mpaka zikawa kama udongo mweusi. Mboji hufanya kazi tatu kwa pamoja. Huyashika madini kwa ile nguvu ya kuvuta tuliyoitaja. Huongeza ukubwa wa udongo, ikapunguza kiasi cha sumu katika kila konzi moja. Na huzisitawisha nyasi, zikaufunika uso wa ardhi vumbi lisiruke. Aibu yake ni kwamba yenyewe huoza. Baada ya miaka hupungua, na isipoongezwa, iliyoshikwa yaweza kuachiliwa. Kwa sababu hii wengine hutumia makaa ya mimea, yaani pumba za mpunga, vifuu au maganda yaliyochomwa bila ya hewa nyingi mpaka yakawa makaa, kisha yakasagwa. Makaa haya yana matundu mengi madogo, hayaozi upesi, na mara nyingi hupunguza uchachu vilevile.

Dawa ya nne ni chuma katika hali ya kutu. Kutu huzishika risasi na aseniki, na katika udongo wenye aseniki ndiyo inayotegemewa zaidi. Lakini udongo ukijaa maji muda mrefu ukakosa hewa, kutu huyeyuka, na iliyoshikwa hutoka nayo. Basi mahali pa kinamasi si mahali pake.

MIPAKA YA DAWA HIZI

Hapa ndipo twataka msomaji asimame kidogo. Dawa ya sumu moja yaweza kuwa adui wa sumu nyingine. Fosfati inayoilaza risasi huiamsha aseniki, kwa kuwa viwili hivi vyafanana umbo, na fosfati huinyang'anya aseniki mahali pake katika chembe za udongo. Chokaa nayo ikizidi yaweza kuifungulia aseniki. Kwa hiyo mwenye udongo uliochafuliwa na mabaki ya machimbo, ambamo risasi na aseniki hukaa pamoja, akimwaga fosfati kwa pupa aweza kuyaokoa majani yake na kukitia sumu kisima chake. Tena fosfati nyingi ikichukuliwa na mvua mpaka kwenye ziwa au kijito, hustawisha magugu ya maji na kuua samaki. Na baadhi ya mbolea za fosfati zenyewe zina kadimiamu ndani yake. Tena mboji iliyotengenezwa kwa takataka za mji, isipochaguliwa, yaweza kuleta madini mapya badala ya kuyafunga ya zamani.

Mfano wa namna jambo moja linavyoweza kugeuka ni mpunga. Katika bonde la mto Jinzu, mkoa wa Toyama, Ujapani, kadimiamu ya machimbo iliingia mashambani kwa maji ya mto, watu wakala wali wake miaka mingi. Wanawake watu wazima hasa wakapatwa na maradhi ya mifupa yenye maumivu makali yaitwayo itai-itai, ambayo serikali ya huko iliyatambua rasmi mwaka 1968 kuwa yametokana na uchafuzi. Shamba la mpunga likijazwa maji, kadimiamu hulala. Likikaushwa kabla ya mavuno, huamka ikapanda kwenye punje. Aseniki ni kinyume chake: hulala penye ukavu na huamka penye maji. Mkulima asiyejua ni ipi iliyo katika shamba lake hawezi kujua afungulie maji au ayazuie. Na huko Jinzu haikutosha kuchezea maji wala kutia dawa. Udongo wa mashamba ulibadilishwa na kufunikwa, kazi iliyochukua zaidi ya miaka 30, ikamalizika 2012.

Mpaka mwingine ni wa kiasi. Mwaka 2010, katika jimbo la Zamfara, kaskazini mwa Nigeria, katika vijiji vya Waislamu wenzetu, watu walikuwa wakiponda na kusaga mawe ya dhahabu ndani ya nyua za nyumba zao, wala hawakujua kuwa mawe hayo yamejaa risasi. Vumbi likaenea penye vyakula na watoto. Watoto zaidi ya 400 walikufa. Pale hapakuwa na nafasi ya chokaa wala mifupa. Udongo wa juu ulikwanguliwa ukapelekwa kuzikwa mbali, udongo safi ukaletwa mahali pake, na watoto wakatibiwa baada ya nyumba zao kusafishwa, kwani kumtibu mtoto na kumrudisha katika ua ule ule si tiba. Mwenye udongo wa namna hiyo asidanganywe na mtu kwamba kilo kadhaa za mboji zitamwokoa.

MWENYE NYUMBA AANZE WAPI

Tumeyataja haya si kwa kuwatia watu hofu, bali ili kila mmoja ajue hatua iliyo mkononi mwake. Anayekaa jirani na mahali palipoyeyushwa betri, au penye gereji ya zamani, au jaa lililochomwa moto miaka mingi, au machimbo, au nyumba kongwe ambayo rangi yake ya zamani inabanduka, afuate utaratibu huu.

Kwanza, chanzo kikatwe. Hakuna faida ya kuutengeneza udongo huku betri zinavunjwa pembeni yake. Betri chakavu isifunguliwe nyumbani kabisa, na nguo za afanyaye kazi hiyo zisichanganywe na za watoto.

Pili, udongo upimwe kabla ya kutiwa kitu. Tanzania ipo maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali, na Kenya zipo maabara za taasisi ya utafiti wa kilimo na mifugo, KALRO. Mtu aulize mapema ni vipimo gani vinafanywa na kwa bei gani, na majirani wakichangiana gharama hupungua. Aombe kupimiwa uchachu, risasi, kadimiamu na aseniki kwa pamoja, kwa sababu tulizozieleza. Ili apate mfano wa kulinganisha, Marekani mwaka 2024 iliteremsha kipimo cha risasi kinachotaka uchunguzi katika nyua za makazi, kutoka miligramu 400 hadi 200 katika kila kilo ya udongo.

Tatu, wakati majibu yanangojewa, ua ufunikwe. Nyasi, kokoto, matandazo ya majani au udongo safi uliotoka mbali huvunja njia ya vumbi na ya mkono. Kufagia ua mkavu asubuhi huku watoto wamekaa karibu ni kuwarushia sumu. Unyunyizwe maji kwanza. Viatu viachwe mlangoni, desturi ambayo twamshukuru Mwenyezi Mungu tunayo tayari. Mikono ioshwe kwa sabuni kabla ya kila mlo, na sakafu ipigwe deki kwa kitambaa chenye maji.

Nne, dawa ichaguliwe kwa mujibu wa kipimo. Udongo mchachu utiwe chokaa. Wenye risasi bila ya aseniki utiwe fosfati au unga wa mifupa. Karibu kila udongo hufaidika na mboji iliyoiva. Vyote vichanganywe vizuri kina cha shibiri moja, udongo ukiwa na unyevu ili vumbi lisiruke, kisha viachwe majuma kadhaa kabla ya kupanda. Kiasi chake kisemwe na bwana shamba au mtaalamu wa maabara baada ya kuyaona majibu. Kazi ikimalizika, uso ufunikwe kama walivyofanya wale wa Oakland.

Tano, mimea ichaguliwe. Matunda kama nyanya, bamia na biringani huchukua madini machache kuliko mchicha, sukumawiki na karoti. Anayetaka mboga za majani aziotesheshe juu ya tuta lililoinuliwa na kuzungushiwa mbao au mawe, lenye udongo safi na mboji, kisha aoshe kila jani kwa maji mengi.

Sita, mtoto alishwe. Chakula chenye chuma na chokaa, kama maharage, dagaa na maziwa, huipunguzia risasi nafasi ya kuingia mwilini. Na anayeshukiwa apelekwe hospitali apimwe damu. Udongo uliotengenezwa haumtibu mtoto aliyekwisha kudhurika.

DHAMANA ISIYOKWISHA

Kwa ufupi, kuutengeneza udongo ni mfano wa kumfunga mnyama mkali zizini. Mnyama hakufa. Kamba yapasa kutazamwa. Uchachu ukirudi, mboji ikiisha, au mtu akija kuuchimba ua ule kujenga choo bila ya kuambiwa, yaliyofungwa yatafunguka. Kwa hiyo mwenye ua kama huo aandike lini alipima, alitia nini, na kina gani, na karatasi hiyo iwekwe pamoja na hati za nyumba. Anayeuza nyumba akaficha sumu iliyomo ardhini ameficha aibu ya bidhaa, na hukumu ya mwenye kuficha aibu ya bidhaa yajulikana. Na anayerithisha, awarithishe wanawe na habari hizi, si kuta peke yake.

Wala kazi hii si ya mwenye nyumba peke yake. Chokaa ya maskini haiwezi kuwa badala ya wajibu wa mwenye kiwanda aliyepata faida, wala wa serikali iliyompa ruhusa. Wakazi wa Owino Uhuru walitufundisha kwamba haki hudaiwa kwa subira na kwa pamoja, hata ikichukua miaka. Lakini mtoto hangojei hukumu. Leo anatambaa, leo anatia mkono kinywani. Kwa hiyo mwenye haki ya kudai na adai, na huku anadai, aumwagie maji ua wake, aufunike, aupime, na aufunge kwa vile alivyojaaliwa navyo.

Twamwomba Mwenyezi Mungu awahifadhi watoto wetu, na atujaalie kuirudisha ardhi Yake ikiwa njema kama tulivyoipokea, au bora zaidi.